Mwongozo kamili wa kupima ushiriki wa watoto wa shule ya msingi kwenye masomo (usipime ukimya)

Naandika hii kwasababu kosa ni lile lile kila msimu wa risechi. Mwalimu au mdogo wangu wa chuo ananiletea karatasi, "naomba unisaidie kuchambua data za ushiriki wa wanafunzi", nafungua nakuta watoto wote 80 wamejibu "nakubali sana" kwenye maswali yote, au nakuta mtu kaandika "wanafunzi walikuwa wasikivu na ushiriki ulikuwa mzuri" na ndo data yenyewe hiyo, hakuna kingine. Hapo hakuna cha kuchambua. Na mtu kashapanda daladala wiki mbili nzima Mbezi mpaka Chanika, nauli imeisha, na watoto wamekatiziwa vipindi bure.

Shida ni kwamba tunapima ukimya halafu tunauita ushiriki. Darasa limenyamaza, mikono imekunjwa juu ya dawati, mwalimu akiuliza "tumeelewana?" wote "ndiyooo mwalimu", na sisi tunaweka tiki. Mtoto anaweza kunyamaza dakika 40 zote na hakuna kitu alichogusa. Ushiriki ni kile anachofanya na kazi aliyopewa, kwa mkono, kwa macho na kwa akili yake. Hicho ndo tunaenda kukipima hapa, hatua kwa hatua.

## Andaa hivi vitu kwanza

- Barua za ruhusa (nimezieleza hatua ya 2).
- Fomu ya kuangalia, kurasa moja kwa kila kipindi. Toa fotokopi za ziada, zinachanika na zinalowa.
- Simu yenye faili la sauti linalotoa mlio kila sekunde 15, na hedifoni ya masikio mawili (ukipima peke yako vaa sikio moja tu). Jirekodi mwenyewe ukigonga meza huku unaangalia saa, inatosha kabisa.
- Ubao mdogo wa klipu wa kubania karatasi, kwasababu mara nyingi hutapata meza.
- Kalamu ya wino, sio penseli. Ukikosea kata mstari mmoja uandike pembeni, ili baadae ijulikane ulibadilisha.
- Kadi tatu za sura: inayocheka, ya kawaida, iliyonuna. Chora mwenyewe kwa makapeni, ukubwa wa kiganja.
- Kaunta buku la kuandikia mambo ya pembeni (mvua, wageni, mwalimu kaitwa ofisini).
- Mtu wa pili wa kupima na wewe. Huyu watu wengi wanamruka, na bila yeye hatua ya 6 haipo.

## Hatua ya 1: Andika unapima nini, kwa maneno ya darasani

Kwenye utafiti ushiriki umegawanywa pande tatu, na mgawanyo huu ulipata umaarufu kupitia mapitio ya Fredricks, Blumenfeld na Paris ya mwaka 2004: matendo, hisia, na fikra. Matendo ni kuhudhuria, kuandika, kujibu, kufuata kazi. Hisia ni kupenda, kuchoka, kuogopa, kujisikia yupo kwao pale darasani. Fikra ni ile nguvu ya akili anayoweka, kujaribu njia nyingine, kujiuliza kwanini.

Usiishie kwenye hayo majina. Chukua karatasi uandike kwa kila upande, mtoto wa darasa la tatu akiwa kwenye hali hii NAMUONAJE? "Anajituma" huwezi kuona. "Kalamu yake iko kwenye daftari na anaandika swali lililopo ubaoni" unaona. Kama sentensi yako mtu mwingine hawezi kuiona kwa macho au kuisikia kwa masikio, ifute.

Na uamue mapema kama unapima pande zote tatu au moja. Kwa mwalimu anayetaka kujua hali ya darasa lake, matendo na fikra zinatosha kuanzia. Kwa tasnifu, sema wazi umepima upande gani, maana kuna watu wanapima mahudhurio tu afu kichwa cha habari kinasema "ushiriki".

## Hatua ya 2: Ruhusa

Kama unapima darasa lako mwenyewe kwa ajili ya kulifundisha vizuri, ongea na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, inatosha. Kama unatoka chuo, kwa kawaida barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala, inashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri yako (Dar zipo tano: Jiji lenyewe ambalo ndo iliyokuwa Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni), inaenda kwa afisa elimu msingi, ndo inafika kwa mwalimu mkuu. Anza mapema, usiende wiki ya mitihani, na darasa la saba usiwaguse kabisa wakikaribia mtihani wa taifa wa Septemba.

Wazazi nao waambiwe, kwa barua fupi ya Kiswahili chepesi, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anakubali na aruhusiwe kukataa. Toka Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na taarifa za mtoto ni taarifa za kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa hiyo kwenye fomu yako hakuna jina. Kuna namba. Listi inayounganisha namba na jina inakaa sehemu nyingine, nyumbani, sio kwenye begi moja na fomu.

## Hatua ya 3: Chagua watoto kutoka kwenye rejista, sio kutoka mdomoni kwa mwalimu

Ukimwambia mwalimu "nichagulie watoto 12", atakupa viranja, wanaokaa mbele, na mmoja msumbufu ili uone anavyoteseka nae. Sio kwamba anakudanganya, ndo wale anaowakumbuka. Wa katikati, wasiojulikana kwa uzuri wala kwa ubaya, wanapotea. Na hao ndo wengi.

Fanya hivi. Omba rejista. Mara nyingi wavulana na wasichana wameandikwa tofauti, na hiyo inakusaidia. Tuseme darasa lina watoto 96, wavulana 48 na wasichana 48, unataka sita kila upande. 48 gawanya kwa 6 ni 8. Andika namba 1 mpaka 8 kwenye vikaratasi, kunja, okota kimoja. Ukipata 3, chukua mtoto wa 3, wa 11, wa 19, wa 27, wa 35 na wa 43. Rudia kwa upande wa pili kwa kuokota upya.

Baada ya hapo chora ramani ya viti na uweke alama walipo hao 12. Kwenye madarasa yetu ya watoto mia na kitu, anayekaa nyuma kabisa upande wa dirishani anaishi somo tofauti na wa mbele, haoni maandishi madogo na sauti inafika nusu. Kama wote 12 wameangukia mbele (inatokea), usibadilishe kwa mkono, okota tena namba nyingine ya kuanzia na uandike kwenye kaunta buku kwamba ulirudia na kwanini.

Shule ikiwa na mikondo au shifti mbili, asubuhi na mchana, hayo ni makundi mawili. Usichanganye.

## Hatua ya 4: Tengeneza alama chache unazoweza kuzishika kichwani

Mi natumia tano.

K – yupo kwenye KAZI kwa tendo: anaandika kilichotakiwa, anasoma kwa sauti, anajibu, amenyoosha mkono, anajadili swali na mwenzake.

S – ANASIKILIZA au anafuatilia kimya: macho kwa mwalimu, ubaoni, kwa anayejibu, au kwenye kitabu.

N – NJE ya kazi: anapiga stori nyingine, anachezea kifuniko cha kalamu, katoka kwenye dawati bila sababu, kazubaa.

H – HANA kazi kwa wakati huo. Amemaliza, anasubiri kusahihishiwa, au mwalimu katoka na hakuacha kitu cha kufanya.

X – haonekani au katoka kwa ruhusa.

Ile sekunde 15 na kutenganisha K na S vimetoka kwenye BOSS (Behavioral Observation of Students in Schools), utaratibu wa kuangalia wanafunzi darasani wa Edward Shapiro, Marekani, ambao unaangalia mtoto mmoja na kila zamu ya tano unamuangalia mwenzake wa kulinganisha (zamu ni mlio mmoja: unaangalia mtoto mmoja, unaandika alama moja). Hapa tumebadilisha ili tuweze kuzunguka watoto 12, na tumeongeza H, kwa hiyo kwenye ripoti yako usiseme ulitumia BOSS. Sema umechukua wazo huko na ueleze ulichobadilisha.

Hiyo H nakuomba usiifute hata kama msimamizi wako atasema ni nyingi. Nilikuwa kwenye darasa la nne moja upande wa Mbagala, kuna binti kakaa dawati la nne ukutani, anaangalia nje tu, wanafunzi wa darasa la pili wanafagia uwanja na yeye anawaangalia wao. Mwalimu akaniambia kwa upole "huyo mwanangu huyo hayupo". Mlio wa kwanza nikaandika N. Wa pili N. Kipindi kilipoisha nikapita kwenye daftari lake: maswali kumi ya kuzidisha, yote kayafanya, kapiga mstari chini kwa rula, kasubiri. Foleni ya kusahihisha ilikuwa na watoto zaidi ya arobaini mbele yake. Yule mtoto hakuwa nje ya kazi, kazi ndo ilikuwa imemuishia. Ukimwandikia N unamlaumu mtoto kwa kitu ambacho ni cha idadi ya watoto na mwalimu mmoja mwenye kalamu moja nyekundu.

Na upande wa pili, darasa hilo hilo, kuna kijana nilimuandikia S mfululizo, macho ubaoni hapepesi. Daftari lake halikuwa na kitu. Penseli ilikuwa imevunjika toka juzi na aliogopa kusema. Ndo maana S peke yake haitoshi kukupa raha, na ndo maana hatua ya 8 na ya 9 zipo.

Andika mifano ya kila alama nyuma ya fomu, pamoja na ile migumu. Ananakili tarehe na kupiga mistari ya daftari? K, kama mwalimu kasema wanakili. Anamuonyesha mwenzake jibu? K kama ni la swali hilo. Kalala kichwa juu ya dawati lakini macho yanafuata? Nyie wawili amueni mapema, mkishaamua msibadilishe katikati.

## Hatua ya 5: Wakuzoee kwanza

Siku ya kwanza ukiingia wote watasimama, "shikamoo mwalimu", na kipindi kizima wewe ndo utakuwa sinema. Mwalimu nae atafundisha somo zuri kuliko yote ya mwaka. Data za siku hiyo si za kweli, usizitumie hata kama ziko safi.

Kaa vipindi viwili vitatu bila kuchukua chochote, huku umeshika ubao wako na hedifoni imeshakaa sikioni, ili wavizoee na vyenyewe. Usisahihishe madaftari, usigombeze mtu, usishike fimbo hata ya kuonyeshea ubaoni. Mtoto akikugeukia na kutabasamu, tabasamu kidogo kisha angalia karatasi.

Kuhusu pa kukaa, wengi wanakimbilia nyuma ili wasisumbue. Nyuma unaona visogo. Kaa pembeni, karibu na mstari wa mbele, mgongo ukutani, unaona macho na mikono. Na mueleze mwalimu mapema kwamba hupimi ufundishaji wake na karatasi haziendi kwa wathibiti ubora. Muonyeshe fomu tupu aishike mwenyewe. Kukificha kitu kwa mwalimu wa darasa ni kujifungia mlango.

Utajua wamekuzoea pale mtoto anapopita karibu yako kwenda kuchonga penseli bila kukuangalia.

## Hatua ya 6: Pima na mwenzako mpaka mkubaliane

Kaeni wawili, hedifoni moja mgawane masikio, mwangalie watoto wale wale, kila mtu na fomu yake na hakuna kuchungulia. Baada ya kipindi hesabuni zamu mlizoandika sawa, gawanya kwa zamu zote, zidisha kwa 100. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni asilimia 80 kwenda juu.

Sasa hapa kuna mtego na watu wengi sana wanaingia. Tuseme mmechukua zamu 60. Wewe umeandika N mara 10, mwenzako mara 9, na mlizokubaliana ni 6. Maana yake mmepishana kwenye 4 zako na 3 zake, jumla 7. Mmekubaliana 53 kati ya 60, asilimia 88, mnapongezana. Lakini angalia N peke yake: 6 gawanya kwa (6 + 4 + 3), yaani 6 kwa 13, asilimia 46! Kile kitu kigumu zaidi kukiona ndo hamkioni sawa, ile 88 imebebwa na S nyingi ambazo mtu yeyote angeziona. Kwa hiyo piga hesabu ya jumla, halafu ya kila alama peke yake. Wa tasnifu ongeza kapa ya Cohen, ambayo inaondoa ile sehemu ya kukubaliana kwa bahati tu.

Mkiwa chini ya 80, msilazimishe. Kaeni chini ya mti muangalie ni zamu zipi mlipishana na kwanini, rekebisheni mifano nyuma ya fomu, mrudie kesho. Na hata mkishafaulu, kila baada ya vipindi vitano pimeni tena pamoja, macho yanahama taratibu bila mwenyewe kujua.

## Hatua ya 7: Kupima kwenyewe

Kipindi cha darasa la tatu kwenda juu ni dakika 40, cha darasa la kwanza na la pili ni 30. Kwa kipindi cha 40 acha dakika tano za mwanzo (watu wanatafuta madaftari) na tano za mwisho. Zinabaki 30. Mlio kila sekunde 15 unakupa zamu 120, ukizunguka watoto 12 kila mmoja anapata zamu 10. Kwa la kwanza na la pili pima dakika 21 tu, kila mtoto anapata zamu 7.

Kila mlio unafanya hivi: angalia mtoto wa zamu, amua alichokuwa anafanya PALE PALE mlio ulipolia, andika, tayari kwa anayefuata. Usisubiri uone kama atarudi kwenye kazi. Usimhurumie. Kama mlio umelia amegeuka nyuma kwa nukta moja, ni N, na usiogope, zamu zikiwa nyingi hizo nukta zinajisawazisha zenyewe. Ukianza kusubiri unakuwa unapima moyo wako.

Ukipitwa na zamu acha wazi. Usijaze kwa kukumbuka.

Pima angalau vipindi sita, na uvitawanye: hesabu na Kiswahili na somo lingine, cha kwanza asubuhi, cha baada ya mapumziko, cha mwisho. Nasisitiza hili kwa Dar hasa, kwasababu darasa la bati bila dari saa saba mchana mwezi wa pili sio darasa lile la saa mbili asubuhi, watoto wanatokwa jasho wanajipepea na daftari, na kuna walioamka saa kumi na moja kuwahi gari na wengine hawajala kitu mpaka saa hiyo. Ukipima hesabu kila siku asubuhi na sayansi kila siku mchana, afu useme watoto hawapendi sayansi, umewaonea. Masika pia andika, mvua ya nguvu kwenye bati inaua kipindi chote na huyo sio mtoto, ni mvua.

## Hatua ya 8: Sikia mtoto mwenyewe

Macho yako hayaingii kichwani kwake, kwa hiyo lazima umuulize. Hapa ndo zile "nakubali sana" 80 zinapozaliwa, na sababu zinajulikana: mtoto kalelewa kwamba mkubwa akiuliza unaitika ndiyo, anadhani karatasi inaenda kwa mwalimu, na ngazi tano za kukubali na kukataa hazimwingii akilini.

Kwa hiyo la kwanza mpaka la nne usiwape dodoso la kujaza. Ongea na mtoto mmoja mmoja, siku hiyo hiyo ya kipindi, kwa Kiswahili hata kama shule inafundisha kwa Kiingereza, maana mtoto asiyejiamini kwenye Kiingereza ataonekana hajali kumbe hana neno. Kaeni mahali panapoonekana na watu lakini hapasikiki, barazani au chini ya mwarobaini. Usijifungie na mtoto chumbani, kamwe. Kaa chini mlingane kimo.

Anza kwa kujaribu kadi. "Ukipewa uji na andazi asubuhi unajisikiaje? Nionyeshe." Halafu "mtu akikuibia penseli yako mpya?" Kama kwenye penseli bado anaonyesha sura inayocheka, hajaelewa kadi au anakufurahisha wewe. Rudia kwa upole. Asipobadilika mshukuru, usitumie majibu yake ya kadi, na uandike hivyo.

Kisha uliza kuhusu kipindi kilichopita tu, sio "unapenda hesabu?" kwa ujumla:

"Leo kwenye hesabu ulijisikiaje wakati unafanya maswali?" "Mwalimu alipouliza swali ulijisikiaje?" "Kengele ilipogonga ulijisikiaje?" Hiyo ya mwisho nzuri sana, inatoa ukweli ambao swali la moja kwa moja haliutoi. Epuka maswali ya kukanusha kama "hukuchoka?", mtoto akijibu "ndiyo" huwezi kujua kachoka au hajachoka.

Kwa upande wa fikra fungua daftari lake, onyesha swali moja, mwambie "nielekeze ulifanyaje hapa". Mpe alama hivi: 0 kama hana la kueleza au anasema kanakili, 1 kama anarudia hatua kama zilivyokuwa ubaoni, 2 kama anaeleza alichofikiria kwa maneno yake, HATA KAMA JIBU NI KOSA. Kijana mmoja wa darasa la nne alikuwa na 304 toa 178, kapata 136 wakati jibu ni 126. Nikamwambia nielekeze. Akasema, "nane haitoki kwenye nne nikaenda kukopa kwa jirani, jirani nae hana kitu ana sifuri, ikabidi niende nyumba ya tatu, wakampa jirani kumi, jirani akanipa mimi moja." Alisahau tu kwamba jirani alipotoa moja alibaki na tisa. Huyo ni 2 bila kusita, akili yake ilikuwa ndani ya swali mpaka shingoni. Kwenye daftari ana mkasi mwekundu. Ukitumia maksi za mtihani kama kipimo cha ushiriki unampoteza huyu, na unampa sifa aliyenakili kwa jirani yake wa dawati.

## Hatua ya 9: Rejista na daftari

Hii fupi. Kutoka kwenye rejista chukua siku alizokuja kati ya siku za masomo za mwezi huo. Kwenye daftari la siku uliyopima hesabu maswali aliyoyaanza na aliyoyamaliza kati ya yaliyotolewa. Usihesabu vema na mikasi. Kama hakuna kitu, uliza kwanini kabla hujaandika sifuri (kumbuka penseli).

Mahudhurio yakusaidie kueleza, yasikae badala ya ushiriki. Mtoto anaweza kuja siku zote 20 kwasababu nyumbani hakuna mtu wa kukaa nae.

## Hatua ya 10: Piga hesabu

Ushiriki wa matendo kwa mtoto mmoja ni (K + S) gawanya kwa zamu zote ukitoa H na X, mara 100.

Mfano: mtoto alikosa kipindi kimoja kati ya sita, ana zamu 50. K 14, S 16, N 8, H 12. K na S ni 30. 50 toa 12 ni 38. 30 kwa 38 ni asilimia 79. Ungeziweka H kama N ungepata 30 kwa 50, asilimia 60, na ungeandika ripoti nyingine kabisa kuhusu mtoto yule yule. Halafu andika H peke yake: 12 kwa 50, asilimia 24, karibu robo ya muda hana cha kufanya.

Andika pia K peke yake. Hapa 14 kwa 38, asilimia 37. Darasa lenye S kubwa na K ndogo ni lile la mwalimu anaongea watoto wanatazama, na hapo ndo utaona ukimya unavyojificha ndani ya asilimia nzuri.

Usijumlishe matendo, hisia na fikra kupata namba moja. Mtoto mwenye matendo juu na kadi zilizonuna zote anakuambia kitu, ukitafuta wastani unakifuta. Weka safu tatu pembeni kwa pembeni.

Na hakuna asilimia fulani ya kusema huyu anashiriki huyu hashiriki. Mlinganishe na wenzake wa darasa hilo, somo hilo, saa hiyo. Wale wa tasnifu mnaotaka alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha kama maswali yako yanaendana yenyewe kwa yenyewe), maswali matatu ya kadi kwa watoto 12 hayawezi kukupa alfa ya maana, ongezeni maswali na watoto kwanza au muache.

## Hatua ya 11: Rudisha majibu kwa mwalimu, yeye wa kwanza

Kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya msimamizi wa chuo. Kaeni wawili, mpe namba za darasa zima bila majina, na muulize yeye anaonaje kabla hujatoa maelezo yako. Akikuuliza "huyu namba 7 ni nani?" usimtajie, mtoto hakukubali kwa ajili ya kuchapwa.

Anzia na safu ya H, kwasababu hiyo mwalimu anaweza kuigusa wiki hiyo hiyo: swali la ziada ubaoni kwa waliomaliza, watoto kubadilishana madaftari na kusahihishana, kusahihisha kwa kupita kwenye madawati badala ya foleni. Acha afanye kwa mwezi mmoja.

Kisha rudi na fomu ile ile, watoto wale wale 12, masomo yale yale na saa zile zile. Kaa kipindi kimoja bila kuandika wakuzoee tena, pima na mwenzako kipindi kimoja kuhakikisha bado mnaona sawa, ndo uanze. Ukimaliza kabisa chana ile listi ya majina na namba, fomu zibaki na namba tu.